Laki Moja ya Shangazi

Mwaka 2019 shangazi yangu, aliyekuwa akifanya kazi za nyumbani Muscat, alinitumia shilingi laki moja za karo. Nilimwahidi kumrudishia laki moja. Dola ilikuwa kama shilingi 103. Riali ya Oman imefungwa kwa dola, kwa hiyo fedha ile ilimtoka kama riali 370 na kitu: mshahara wake wa miezi minne.

Kufikia katikati ya 2022 nilikuwa nimepata kibarua cha kufundisha na ningeweza kumlipa. Sikumlipa. Hakudai, nami nikajiambia hakuna haraka. Januari 2024, alipokuwa amesharudi Mombasa na kutafuta friza ya kuuzia barafu, dola ilikuwa imevuka shilingi 160. Laki iliyokuwa karibu dola 970 sasa haikufika 625, na friza hutoka ng'ambo.

Je, nikimpa laki moja nitakuwa nimelipa deni?

Rafiki ninayesoma naye uzamili alisema ndiyo: ahadi ilikuwa ya shilingi. Akanikumbusha kuwa Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Kuwait mwaka 1988, liliamua deni la fedha lilipwe kwa idadi ileile, si kwa thamani yake. Hoja hiyo naiheshimu. Bila idadi, mkopaji hajui anadaiwa kiasi gani, na mlango wa riba unabaki wazi.

Lakini tazama wanaoikopesha serikali. Hatifungani ya Kenya ya mwaka 2014, iliyoiva Juni 2024, ilikuwa ya dola bilioni 2, na ilipaswa kulipwa kwa dola, shilingi iwe imepanda au imeshuka. Mkopeshaji mkubwa hujikinga ndani ya mkataba. Shangazi alinikopesha kwa sababu mimi ni mtoto wa kaka yake, na udugu hauandikwi kwa dola.

Hata hivyo, si mimi niliyeishusha shilingi. Kuanzia Februari ilipanda tena hadi karibu 130, na kupanda huko hakukunifanya mwaminifu zaidi. Kosa langu ni la 2022. Kila mwezi niliochelewa, deni lilijipunguza lenyewe, na aliyelipia punguzo hilo ni yeye. Niliahidi laki moja. Sikupewa ruhusa ya kungoja hadi laki iwe nyepesi.

Nilimpelekea 124,000, thamani ya riali zake siku hiyo. Akahesabu, akatenga elfu ishirini na nne pembeni.

"Na hizi za nini, mwanangu?"

Nikisema ni za kuchelewa, atazikataa kama riba. Nikisema ni zawadi, nitakuwa najisifu kwa haki yake. Hesabu zote za dola nilizojiandaa nazo zikanitoka kichwani. Nikaanza kwa kumwomba radhi.