Nini Kitakurudisha Nyumbani?



Mwaka 2023 jina langu lilikuwa kwenye orodha ya mahujaji wa Siku ya Vijana Duniani, Lisbon. Sikufika. Karatasi ya kunyimwa viza ya Schengen ina visanduku vya sababu, na kwangu walitia alama kile cha mashaka kama mwombaji ataondoka kabla viza haijaisha.

Nililia, jamani. Barua ya paroko nilikuwa nayo. Lakini sina ajira, sina kiwanja, sijaolewa, na benki... tusiongee. Nilicho nacho ni bibi yangu, jumuiya ndogondogo na kwaya. Hivyo havigongwi muhuri.

Wiki nzima nikajiona nimeonewa. Halafu kwenye kitubio ikanitoka yenyewe: Padre, nilitaka kuzamia. Binamu alishaniahidi pa kulala. Bibi nilikuwa sijamwambia chochote.

Padre hakunigombeza. Malipizi yangu yalikuwa kusoma Wafilipi sura ya 3, pale Paulo anapowaambia kwamba uraia wao uko mbinguni. Filipi ulikuwa mji wa koloni la Kirumi, watu wakijivunia uraia wa Roma, na Paulo mwenyewe alikuwa nao tangu kuzaliwa. Nikajiuliza: na huko mbinguni, mimi nina kipi cha kuonyesha kwamba ndiko kwetu?

Jumamosi jumuiya ilisali kwetu. Kabla watu hawajafika nilimweleza bibi yote. Alinyamaza sana, kisha akanipa ufagio nifagie uwanja.