Lisomeni Jani Kabla ya Kwenda Dukani

Wajukuu zangu wa Ikutha, mnaosomea kilimo na mnaolima bila kukisomea, nina neno nanyi kuhusu rangi ya jani. Ndengu zikipauka kidogo tu, mnakimbilia duka la pembejeo na kurudi na chupa ya kunyunyizia pamoja na deni. Pesa hizo ni mbuzi aliyeuzwa. Nisikilizeni kabla hamjauza mwingine.

Nitaanza na chai, ingawa kwetu huku haimei. Mvua yetu haiitoshi. Chai jani ndilo mavuno, kwa hiyo rangi yake imechunguzwa sana. Tena baadhi yenu mtaenda kwenye mashamba ya chai ya Kericho kutafuta kazi, kama wengi walivyotangulia.

Ujani unatokana na klorofili, nayo haikai ovyo ndani ya jani. Ina mkia wa mafuta, na kwa mkia huo imejishikiza kwenye tando nyembamba mno zilizojengwa kwa mafuta ya mmea wenyewe. Humo humo zimo rangi za manjano ambazo kijani kimezifunika. Jua likizidi uwezo wa jani, nguvu isiyopata kazi huzalisha oksijeni kali inayoyaharibu mafuta yale. Tando zikichakaa, klorofili nayo huvunjika, na manjano yakajitokeza. Uchina, katika mkoa wa Zhejiang, kuna chai iitwayo Huangjinya ambayo machipukizi yake huwa ya manjano juani, na ukiitilia kivuli hurudia kijani. Udongo ni ule ule, mbolea ile ile. Aliyeinyunyizia dawa angekuwa ametupa pesa zake.

Sisi Wakenya tuna chai ya zambarau, TRFK 306, ambayo watafiti wa Kericho waliwapa wakulima mwaka 2011. Zambarau hiyo ni anthosianini. Yenyewe haikai kwenye tando za mafuta bali kwenye maji ya seli, na huko hupunguza ukali wa mwanga kabla haujaifikia klorofili. Mche wa mahindi nao ukiwa na majani ya zambarau, rangi ni ya jamii hiyo hiyo, ila mara nyingi chanzo ni upungufu wa fosforasi. Na hapa kuna jambo linalonistaajabisha hata uzeeni: mmea uliokosa fosforasi huvunja mafuta ya tando zake yaliyo na madini hayo, ukaweka mengine yasiyo nayo, ili fosforasi iende kunakohitajika zaidi. Ni kama mtu anayeng'oa mbao za kuta za nyumba yake apate kuni za kupikia watoto.

Linalowapoteza wengi wenu, lakini, ni kijani kilichokolea. Mkikiona mnasifu. Wajapani hufunika michai ya matcha, chai yao ya unga, kwa takriban wiki tatu kabla ya kuchuma. Jani lililonyimwa mwanga huongeza klorofili ili linase ule mchache uliopo, ndipo linapokolea. Wao wanapata faida, maana wanakunywa jani. Sasa nendeni kwenye ndengu zilizo chini ya mwembe. Mtakuta majani mapana, laini, ya kijani kizito, juu ya shina refu lililolegea. Hesabuni maganda. Kisha hesabuni ya ule mstari wa juani mliokuwa mkiulalamikia kwamba umepauka. Ndengu tunakula mbegu, na mbegu inataka jua. Kunde za mboga ni habari nyingine, hizo kivuli kidogo hakizidhuru.

Manjano nayo yana mahali pake. Yakianzia majani ya chini huku mmea ungali mchanga, shukuni upungufu wa naitrojeni. Ng'oeni mche mmoja taratibu, na udongo wake, mpasue vinundu vya mizizi kwa ukucha. Vikiwa vyekundu-waridi ndani, vinafanya kazi yao ya kuupatia mmea naitrojeni. Vikiwa vyeupe au vya kijani, havifanyi. Yakianzia majani machanga ya juu na mishipa ikabaki kijani, huenda mmea haupati madini ya chuma. Lakini majani ya chini yakigeuka wakati maganda yanakauka, yaacheni. Mmea unakihamisha chakula kwenda kwenye mbegu, na hakuna chupa itakayouzuia wala inayopaswa kuuzuia.

Mkishindwa, msimpelekee afisa wa kilimo maneno matupu. Chumeni jani la juu na la chini, la mmea wa juani na wa kivulini, la mmea mgonjwa na mzima, myafunge kwenye gazeti, si kwenye plastiki inayoyaozesha. Andikeni kila moja lilitoka upande gani wa shamba, jua huufikia saa ngapi, na mvua ya mwisho ilinyesha lini. Akikuandikieni dawa bila kuyatazama, mwombeni kwa heshima ayatazame kwanza.