Msitu Hauna Daftari

Msiba ukitokea Newala, kabla maiti hajatolewa ndani, mtu huwa ameshaketi mkekani na daftari la shule. Anaandika jina, shilingi elfu mbili, unga. Kwenye unyago ni hivyo hivyo: anayemtunza mwali huonekana na wote, na mama wa mwali anajua naye atadaiwa siku binti wa mwenzake akichezwa. Hakuna anayeuita mchango huo kodi. Lakini jaribu kutotoa.

Watu hao hao wakiombwa kuchangia ulinzi wa chanzo cha maji, mikono huwa mizito. Ofisini husemwa kwamba hawajaelimishwa. Sikubali. Mtu wa uwanda wa Makonde hahitaji semina kuijua thamani ya maji. Juu huku hakuna mito. Mchanga huinywa mvua yote, na maji huja kutokeza mabondeni. Karl Weule, Mjerumani aliyefika Newala mwaka 1906, aliandika simulizi ya Wamakonde kwamba watoto wa kwanza, waliozaliwa karibu na mto, walikufa, wakapona waliozaliwa juu. Ndipo vizazi vikausiwa visikae bondeni. Leo maji ya Mitema, katika bonde la Kitangari, yanasukumwa kwa pampu hadi Newala na Tandahimba. Anayeyanywa hakioni chanzo, na aliyefyeka mteremkoni hamjui aliyekosa maji. Mila inayoishi kwa jicho la jirani itafikaje huko?

Na kuna kikwazo kingine, ambacho mabango ya upandaji miti hayakigusi. Huku mti wa kudumu ni dai. Aliyepanda mikorosho amesema shamba ni lake, na wanawe watasema hivyo hivyo. Sasa mwambie mtu wa Masasi akapande miche chini ya ile milima ya mawe, kwenye ardhi ya wote. Jirani atauliza, na ana haki: huyu anatoa, au anajimegea?

Wapo wanaosema sadaka ya kuonwa si sadaka. Mwanafalsafa Kant angekuwa upande wao, na dini zetu nazo zinaonya juu ya riya. Aristotle angewajibu kwamba tabia njema huanza kwa mazoea, moyo ukafuata baadaye. Mimi niko karibu na Aristotle, ila kwa shaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliofanywa kwa watalii katika hifadhi ya taifa nchini Costa Rica, ulionyesha kwamba waliotoa mbele ya mwomba mchango walitoa asilimia 25 zaidi ya waliotoa faraghani. Lakini walioambiwa kwamba kawaida ni dola 2 walijitokeza wengi zaidi, ila kwa wastani kila mtoaji akatoa pungufu. Hapo ndipo penye shaka yangu: mila humvuta bahili, na papo hapo humpa karimu kisingizio cha kuishia pale wenzake walipoishia.

Njia ya mkato, ambayo mkulima wa korosho anaijua vizuri, ni makato. Bei hutajwa mnadani, fedha huingia benki zikiwa zimeshapunguzwa. Huenda makato yakajenga mengi, sibishi. Ila aliyekatwa hakutoa: jirani hakumwona, wala yeye mwenyewe hakujiona. Ukilinda chanzo kwa makato matupu, umepata fedha na kumpoteza mlinzi.

Afadhali daftari, lisomwe kwenye mkutano wa kijiji kama linavyosomwa msibani, na kijiji chenyewe kipange kiwango. Najua pingamizi lake: aibu humwelemea zaidi asiye nacho. Msiba ulishalijibu zamani. Mjane asiye na fedha huja na mzigo wa kuni au ndoo ya maji kichwani, akaingia jikoni, akahesabiwa kuwa amechangia. Kamati inayodai fedha taslimu peke yake imemfungia mlango huyo, ilhali ndiye anayeweza kwenda kufyeka njia ya kuzuia moto kuzunguka chanzo.