Jirani wa Mji ni Nani?

Hakuna mji mkubwa ujitoshelezao. Dar es Salaam, ambao sensa ya mwaka 2022 ilihesabu ndani yake watu zaidi ya milioni 5, hunywa maji ya mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Juu, ulioko Mlandizi katika Kibaha, ulijengwa mwaka 1959, na baada ya kupanuliwa waweza kutoa lita milioni 196 kwa siku. Tena majiko mengi ya mji huo yangali yakiwashwa kwa mkaa, na misitu ya Kisarawe imekatwa kwa ajili hiyo. Hata hifadhi za Pugu na Kazimzumbwi hazikusalimika.

Basi twauliza: msitu ukiisha, mwenye kosa ni nani? Wa mjini humnyoshea kidole mchoma mkaa. Kweli anakosa, maana hukata asichokipanda. Lakini huchoma kwa kuwa yuko anunuaye; naye anunuaye hupika, hushiba, wala haoni kisiki. Kosa lililogawanywa kwa watu wengi halipungui. Ila kila mmoja huona fungu lake kuwa dogo.

Hapo ndipo ilipo kazi ya mtawala. Haki haikomi penye jiwe la mpaka. Kisarawe, ijapokuwa jirani wa mji, ilitaabika kwa maji miaka mingi, hata mradi wa kuyaleta kutoka Kibamba ulipozinduliwa mwaka 2020. Mwishoni mwa mwaka 2022 mvua zilikawia, Ruvu ukapungua, na Dar es Salaam ikapata maji kwa mgawo. Ndipo wa mjini walipoionja kiu ya jirani yao. Ukame hauulizi mtu akaa wilaya gani.

Mwaka 2024 Serikali ilitoa mkakati, kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wapike kwa nishati safi. Ni mwanzo mwema. Lakini anayemkataza mchoma mkaa hana budi kumwonyesha kazi nyingine, maana amri isiyo na njia humgeuza maskini kuwa mwizi.

Kwa hiyo kiongozi wa mji asipimwe kwa barabara zake tu. Aulizwe pia: wale walio nje ya mpaka, wanaoubeba mji, wana hali gani? Nasi tuwashao jiko jioni, yatupasa kujiuliza neno lilo hilo kabla ya kumlaumu yeye.