“Amepata Wapi?”

Katika ada zilizozoeleka sana mabarazani mwetu, khasa baada ya sala ya alasiri watu wanapokaa kungojea magharibi, ni kuulizana juu ya mali ya mtu asiyekuwapo. Akipita kijana na chombo kipya mkononi, hatumuulizi yeye mwenyewe, tunaulizana sisi kwa sisi: “Yule amepata wapi?” Zamani suala hili liliulizwa juu ya saa na baiskeli. Leo huulizwa juu ya kompyuta ile ya kukunja na kuchukulika mkobani, ambayo vijana huiita laptopu. Zipo za shilingi 25,000 zilizokwisha kutumika Ulaya, na zipo mpya za 120,000, 150,000 na kuzidi. Na la kustaajabisha ni kuwa hizi za ghali huzioni mikononi mwa matajiri peke yao, bali hata kwa watu ambao kipato chao chajulikana na kila jirani.

Msomaji asidhani kuwa jambo hili ni dogo. Ndani yake mna masuala mawili makubwa. La kwanza: uwezo ni nini? La pili: ni nani mwenye haki ya kumhukumu mwenzake kwa alichonunua?

Haya yalinijia katika safari niliyokwenda Kinanie kumjulia hali jamaa yetu mgonjwa. Msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu huenda asiijue Kinanie kwa jina, ijapokuwa pengine amepita karibu nayo mara nyingi. Ni kata ya Mavoko katika Kaunti ya Machakos, si mbali na mji wa Athi River, pale barabara kuu itokayo kwetu inapokaribia Nairobi. Hapo palikuwa nyika ya malisho; leo viwanja vimekatwa kila upande na nyumba za mawe zinapanda. Serikali imetenga hapo ardhi ya viwanda vya ngozi, na jirani yake, Athi River, mna viwanda vya saruji na vya bidhaa za kupelekwa ng’ambo. Riziki inapotajwa, watu hukusanyika. Basi na vijana wetu wa pwani wapo huko.

Tulipokuwa tumekaa kwa mgonjwa, waliingia vijana wawili, wote wa mtaa mmoja na sisi. Wa kwanza ana kazi ya ofisini Nairobi, na mshahara wake ni shilingi 140,000 kwa mwezi. Wa pili ni karani wa ghala katika kiwanda, na mshahara wake haufiki 25,000. Kila mmoja alikuwa na laptopu, na zote mbili zilikuwa za namna moja, za shilingi 120,000. Walipotoka kwenda kuswali, mzee mmoja aliyekuwapo akasema: “Yule wa kwanza kanunua kwa uwezo wake. Huyu wa pili ama ana wazimu, ama ana jambo asilotaka lijulikane.” Nami, Mungu anisamehe, niliitikia kwa kichwa.

Hesabu ilionekana kumsaidia yule mzee. Mshahara wa mwezi mmoja wa kijana wa kwanza wazidi bei ya chombo. Wa pili hata akitoa mishahara minne haifikii. Na chini ya karani wako wengine wengi. Kwa amri ya Serikali iliyoanza kutumika Novemba 2024, kima cha chini cha kibarua wa kawaida huko Mavoko hakikufika shilingi 15,000 kwa mwezi, mbali na posho ya nyumba. Mtu huyo, lau asingekula wala kuvaa, angefanya kazi zaidi ya miezi minane kuipata laptopu moja kama ile. Mtu huona bei moja dukani, kumbe kila mnunuzi ana bei yake. Kwa mmoja ni siku chache za umri wake, na kwa mwingine ni karibu mwaka mzima.

Lakini waliporejea nikamwita yule karani kando, nikamwambia: “Mwanangu, mshahara wako twaujua. Chombo hiki umekipata wapi?” Hakuchukia. Akanijibu: “Ami, nitakuhesabia.” Akanieleza kuwa alijifunza kuchora ramani za nyumba katika chuo cha ufundi, na hapo Kinanie kila mwenye kiwanja anataka ramani. Alianza kwa laptopu kuukuu ya shilingi 28,000, akichora usiku baada ya kazi. Ile kuukuu ikawa haiwezi kuibeba programu ya kuchorea. Kila ikifunguliwa hukwama, na kazi ya usiku mmoja huwa ya siku tatu. Basi akaingia katika chama cha watu kumi na wawili, kila mmoja hutoa 5,000 kwa mwezi, na zamu yake ilipofika alipokea 60,000. Katika ujira wa ramani alikuwa ameweka 45,000 kwa muda wa mwaka. Akaiuza ile kuukuu kwa 15,000. Jumla ndizo hizo 120,000. Deni lake ni kwa wenziwe wa chama tu, ambao aendelea kuwatolea hadi zamu zao ziishe.

Nikamuuliza: “Na mkeo?” Akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Hapo ndipo penye aibu yangu, ami. Miezi sita ya kwanza sikumwambia. Aliona matumizi ya nyumba yamepungua akadhani nina mke mwingine.”

Usiku ule huyu wa kwanza naye alikuja kukaa nami, na mazungumzo yakatufikisha hapo hapo bila ya mimi kumuuliza. Akasema: “Ami, watu huziona hizo 140,000, hawaoni zinavyokwenda.” Baada ya kodi na makato ya lazima, haifiki mkononi mwake hata 100,000. Kodi ya nyumba ni 35,000. Mkopo wa gari ni 38,000. Laptopu aliichukua kwa malipo ya kila mwezi, 13,000 kwa mwaka mzima, yaani 156,000 kwa chombo cha 120,000. Kinachobaki hakimfikishi mwisho wa mwezi, basi huomba mikopo ya simu kuziba pengo, na mwezi unaofuata huanza akiwa nyuma. Nikamuuliza aitumia kwa kazi gani. Akacheka kwa uchungu, akasema kuwa ya kazi amepewa na ofisi. Hii ni ya kutazama mipira na filamu, na kwa sababu wenziwe wote wanazo. Kisha akasema neno ambalo halijanitoka: mamake, ambaye alikuwa akimpelekea 10,000 kila mwezi, sasa humpelekea 3,000, na amemwambia kuwa mishahara imepunguzwa.

Basi sasa na turejee katika suala letu: uwezo ni nini? Sisi barazani tulikuwa tukiupima kwa mshahara, nayo ni mizani ya kombo. Mshahara ni kile kinachoingia; uwezo ni kile kinachobaki baada ya wenye haki kupewa haki zao. Mama ana haki, mke ana haki, watoto wana haki, mdai ana haki, na jirani mwenye njaa ana haki. Mwenye kuingiza 140,000 kisha akaikata haki ya mamake, huyo amenunua kitu kisichokuwa katika uwezo wake, hata akilipa taslimu. Na mwenye kuingiza 25,000, akatoa haki za watu kisha akakusanya kidogo kidogo, huyo amenunua kwa uwezo wake, hata ikawa watu wanamstaajabia. Wahenga wamesema: usione vyaelea, vimeundwa. Nasi tuliona viwili vyaelea, tusiulize kila kimoja kiliundwa kwa mbao za nani.

Pengine msomaji atasema: “Huku si ndiko kumsifu maskini na kumshutumu tajiri?” La, hasha. Karani naye ana kosa lake. Haki ya mke si chakula tu, bali na kushauriwa katika jambo litakalopunguza chakula chake. Lau angemwambia tangu mwezi wa kwanza, huenda angeridhia, na shida ya miezi sita ingekuwa subira ya watu wawili. Alipomficha, ikawa ni mzigo aliotwishwa mmoja pasi na kuulizwa. Na upande wa pili, tajiri mwenye kununua chombo cha bei kubwa ambacho akifanyia kazi, bila ya kumdhulumu mtu, hana lawama. Israfu haimo katika bei. Chombo kimoja kwa huyu ni jembe, kwa yule ni pambo, na kwa mwingine ni kitanzi.

Tena yatupasa tuangalie jinsi njia za kupata zinavyotofautiana, kwani hapa pana dhulma iliyofichika. Mwenye nacho huingia dukani akalipa bei iliyoandikwa. Asiye nacho hulipa bei hiyo pamoja na bei ya kungojewa. Mkopo wa simu wa M-Shwari, ulioanzishwa Novemba 2012, ulijulikana kwa ada ya 7.5 kwa mia kwa siku thelathini. Mtu akisikia saba na nusu huona ni kidogo. Lakini mwenye kukopa 10,000 kwa ada hiyo, akalipa na kukopa tena kila mwezi, mwaka ukiisha ametoa 9,000 za ada peke yake, na zile 10,000 bado anadaiwa. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Katika dini yetu, wanazuoni wengi wamejuzisha kuuza kwa muda kwa bei inayozidi ile ya taslimu, madhali bei imekatwa na kujulikana siku ya mauzo. Lakini deni kuongezwa kwa sababu mdaiwa amechelewa, hiyo ni riba wala haina jina jingine. Na uzito wa deni kila Muislamu aujua: Mtume s.a.w. aliletewa jeneza la mtu mwenye deni, akajizuia kumswalia mpaka sahaba mmoja alipojitolea kulibeba deni lile. Jee, sisi twalibeba deni la laptopu kwa wepesi gani?

Kwa hivyo, kijana anayetaka kununua, na ajiulize mambo matatu kabla ya kutoa mkono. Kwanza: ni haki ya nani itakayochelewa kwa ajili ya chombo hiki, na jee, mwenye haki hiyo nimemwambia? Pili: kitafanya kazi gani ambayo cha bei ndogo hakiwezi? Tatu: lau ingekuwa hapana mtu atakayekiona, ningekitaka? Likimshinda moja katika haya, na angoje. Kungoja si aibu.

Na sisi wa barazani nasi tunalo letu. Neno “amepata wapi?” laweza kuwa hasadi, na laweza kuwa huruma, tofauti yake ni kuwa la hasadi huulizwa nyuma ya mtu, na la huruma huulizwa mbele yake, na muulizaji huwa tayari kusaidia akisikia jibu. Lau yule wa kwanza angeulizwa mapema na mtu anayempenda, huenda asingefika alipofika. Nami sijitoi katika lawama: mwaka uliopita nilimchukulia mwanangu simu kwa malipo ya kila mwezi, nikimwambia mamake kuwa ni ya masomo, na moyoni najua kuwa ilikuwa ni kwa ajili ya macho ya wakwe.

Shauri letu ni hili. Kila darasa na kila msikiti una watu wenye akiba iliyolala. Tukusanye mfuko mdogo wa kununulia zana za kazi, laptopu kwa mwenye kuihitaji, cherehani kwa mshonaji, kisha mwenye kupewa arejeshe bei ile ile kidogo kidogo, bila ya nyongeza, na fedha ziende kwa mwingine. Wanawake wetu wameendesha vyama vya namna hii miaka mingi bila ya benki wala karatasi. Hatuna udhuru wa kusema kuwa haiwezekani. Mwenye shauri lililo bora kuliko hili na atuandikie, nasi tutalisoma darasani.

Ama yule kijana wa kwanza, tulipoagana aliniomba niwe naye anapompigia mamake simu kumwambia kweli. Nikakaa naye. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza swali moja tu: “Na wewe mwanangu, wala nini huko?”