Mlango Uliozibwa

Je, yawezekana mtu achore nyumba bila kutia mstari hata mmoja wa uongo, na picha yake isiwe imesema kweli yote? Swali hili lilitujia mwezi uliopita kwa sababu ya kijana mmoja wa Ufini, aliyekuja nchini kwetu kujifunza mambo ya ujenzi. Tulifuatana naye siku nzima alipokuwa akichora majengo ya zamani.

Asubuhi tulikuwa Kibaha. Huko alichora majengo ya kituo kile kilichoanzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa Denmark, Ufini, Norwei na Uswidi, kikakabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970. Alifurahi kuona kazi ya watu wa kwao, na hakukawia, maana waliotoa fedha wameandikwa na kila mtu awajua.

Mchana tukafika Kisarawe, akaketi juu ya kigoda mbele ya nyumba moja kongwe ya zamani za Wadachi. Alikaa muda wa saa tatu; jua lilipogeuka, naye akageuza kigoda. Alipotuonyesha karatasi, tulistaajabu: ubavuni mwa nyumba alikuwa amechora alama za mlango uliozibwa kwa mawe. Tumepita njia ile miaka kumi na minne, wala hatukuuona kamwe. Twakiri ya kuwa tuliona haya.

Mzee mmoja jirani akaitazama picha, akasema, “Ndiyo yenyewe. Lakini waliobeba mawe haya wako wapi?” Akasimulia aliyoyasikia kwa babu yake, ya kwamba mlango ule ulikuwa wa wapagazi, wasioruhusiwa kupita mbele. Hayo yalikuwa siku zile ambapo, tangu mwaka 1902, watu wa Uzaramo walitakiwa kufanya kazi siku 28 kwa mwaka katika mashamba ya pamba, kwa ujira haba, hata vita vya Maji Maji vilivyozuka Umatumbi mwaka 1905 vikafika huku.

Kijana akajibu kwa upole kwamba mchoraji huchora aonacho. Jibu hili si baya. Kama angalitia watu asiowaona, angalikuwa ametunga hadithi, na picha za kutunga tunazo tele. Hakuna kalenda isiyo na mnazi wake. Lakini aliuona mlango, wala hakuuliza kwa nini umezibwa. Nasi tuliosikia habari za wapagazi tangu utoto hatukuutazama ukuta. Ni nani aliyekosa zaidi? Hatuthubutu kumhukumu yeye kwanza.

Jioni alichukua tena kalamu yake ya risasi, akamwomba mzee ayarudie maneno yake polepole, akayaandika chini ya mlango ule kwa Kiswahili chake cha miezi mitatu. Makosa yalikuwa mengi. Tulipotaka kuyasahihisha, mzee alitukataza, akasema kwamba aliyeuliza ni huyu mgeni, basi na aandike mwenyewe.