MTI ULIOKAUKA NA MKONO WA MCHONGAJI

Ayubu 14, 7–10.



Ayubu katika mateso yake aliutazama mti uliokatwa, akauonea wivu. Mti, alisema, hata ukikatwa una tumaini la kuchipuka tena. Bali mtu akifa, yu wapi? Leo twataka kutafakari habari ya miti iliyokosa hata tumaini hilo.

Katika nchi ya Marekani, pwani ya Texas, kiko kisiwa kiitwacho Galveston. Tarehe 8 Septemba 1900 tufani ilikipiga, watu zaidi ya 6,000 wakafa. Waliosalia hawakukiacha ukiwa. Walijenga ukuta mbele ya bahari, wakaiinua ardhi ya mji kwa mchanga, wakapanda mialoni kando ya njia. Miti ikakua, na wajukuu wao wakapumzika kivulini.

Ikapita miaka zaidi ya mia. Tarehe 13 Septemba 2008 ikaja tufani nyingine, iliyoitwa Ike. Maji ya bahari yaliingia mjini, chumvi ikashuka mpaka mizizini. Mialoni mingi haikuanguka; ilisimama wima, nayo imekufa. Majira ya kuchipuka yalipofika, matawi yalibaki matupu. Kisiwani ilipotea miti yapata 40,000.

Hapo baadhi ya wenyeji hawakukubali kuing'oa yote. Wakawaita wachonga sanamu, Jim Phillips, Dale Lewis na Earl Jones, nao kwa misumeno ya mashine wakatoa katika mashina yale makavu ndege wa pwani, mbwa, na malaika. Wengine wakapanda miti michanga.

Labda mwalimu mmoja atauliza: Je, kuchonga sanamu si kosa? Amri yatukataza kuisujudia kazi ya mikono yetu. Haiikatazi mikono kufanya kazi. Bezaleli alijazwa roho ya Mungu apate kuchonga miti kwa ajili ya hema (Kutoka 31).

Basi tujifunze mambo mawili. Kwanza, mchongaji hakuuficha msiba. Hakuupaka mti rangi ya majani ili udhaniwe kuwa hai. Aliutazama kama ulivyo, mkavu, akatafuta la kufanya kwa kile kilichobaki. Twakiri kwamba sisi wachungaji na waalimu mara nyingi twafanya kinyume. Twaenda kwa mama aliyefiwa, na udongo wa kaburi haujakauka bado, twamharakisha afurahi. Au, vibaya zaidi, twaitafuta dhambi iliyoleta maafa, ingawa Bwana alikwisha kutuonya kwa habari ya mnara wa Siloamu (Luka 13). Tuketi naye kwanza. Kisha tuangalie pamoja naye, pole pole, kilichobaki: mikono yake, jirani zake, sala moja fupi.

Pili, mchongaji anao mpaka wake. Aweza kuupa mti umbo, hawezi kuupa utomvu. Ndege wake hataruka, na shina lile halitatoa kivuli tena. Hata sanamu yenyewe huoza siku moja. Kazi njema ya mwanadamu hutuliza moyo, lakini haishindi kaburi. Swali la Ayubu lingali linangoja: mtu akifa, yu wapi? Jibu lake latoka kwa yule seremala wa Nazareti, aliyetundikwa juu ya mti mkavu, na siku ya tatu akatoka kaburini, yu hai.

Kwa hiyo, ndugu, tusichague moja na kuliacha la pili. Tukishike kilichobaki tukifanyie kazi kwa mikono yetu, tena tumngojee yeye awezaye kutia uhai katika kilichokufa. Yeye na awategemeze ninyi nyote mnaoomboleza.

Amina.